Kirungu, Bastola na Kambakoche Mbichi

Nyuma ya mlango wa chumba cha mjomba wangu, Ngamiani, Tanga, kinaning'inia kirungu. Ni cha mti mweusi mzito, na kamba yake ya ngozi imekakamaa kwa miaka na kwa chumvi ya upepo wa bahari. Mjomba alistaafu upolisi akiwa sajenti. Bunduki aliichukua ghalani kila alipoingia lindo na kuirudisha kila alipotoka, sahihi daftarini, risasi zikihesabiwa moja moja. Haikuwahi kulala nyumbani kwake hata usiku mmoja. Kirungu ndicho kilichostaafu pamoja naye. Kilistaafu kwa utaratibu gani, hilo sijathubutu kumuuliza.

Mwaka jana nilimpelekea picha aione. Nilikuwa nimenunua Dar es Salaam, kwa wauza vitabu vya mitumba wa barabara ya Samora, juzuu moja la Punch, jarida la vichekesho la London, la mwaka 1881. Halikuwa na mgongo na mende walikwishalitafuna pembeni, ndiyo maana niliuziwa kwa bei ya chipsi mayai. Katika toleo moja la Oktoba mna picha kubwa ya ukurasa mzima. Konstebo wa London ana kirungu; anayepambana naye ni mwizi mvunja nyumba, naye ana bastola. Picha inaitwa An Unequal Match, yaani pambano lisilo sawa. Ningekuwa mhariri wa Kiswahili ningeiita "Ngoma Si Droo".

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, habari za huko?" Kwetu mjomba na mpwa huitana jina lile lile. Nikamkabidhi juzuu. Akavaa miwani, akaisogeza picha mbali, akaisogeza karibu, akanywa kahawa.

"Nani alimtuma peke yake?" akauliza.

Nilitegemea aanze na bastola. Kila niliyewahi kumwonyesha picha ile aliona bastola kwanza, na naamini hata waliolinunua jarida mwaka ule waliona hiyo hiyo. Lakini mzee aliyelinda usiku bandarini na kwenye mashamba ya mkonge aliona kitu ambacho mchoraji hakukichora kabisa: askari wa pili. Swali lake nimezunguka nalo tangu siku ile, na ndilo lililonirudisha kwenye picha nyingine za zama za Malkia Victoria, nijue konstebo yule alifikaje pale akiwa na kipande cha mti.

Nianze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili askari ni mwanajeshi, na askari ni polisi. Tuna askari wa miguu, askari kanzu, askari magereza, askari wa barabarani, askari mgambo. Neno tulilipata kwa Waarabu likiwa na maana ya jeshi, tukamvika kila mwenye sare. Ukimwambia mtu wa Tanga kwamba taifa zima liliwahi kukaribia kugombana kwa sababu ya tofauti kati ya mwanajeshi na polisi, atakuuliza, tofauti gani?

Waingereza wa 1829 walikuwa wanaijua tofauti hiyo vizuri, tena kwa damu. Miaka kumi tu nyuma, tarehe 16 Agosti 1819, wapanda farasi wenye panga waliingia katikati ya mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa St Peter's, Manchester, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Mchoraji George Cruikshank aliwachora askari wale wakiwa juu ya farasi, wanawake na watoto chini ya kwato. Kwa hiyo Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani, alipotaka kuanzisha jeshi la polisi la London, wananchi hawakuuliza "watatulindaje?" Waliuliza "hawa si wanajeshi kweli?" Hofu nyingine ilikuwa Ufaransa, nchi ambayo kwa Mwingereza wa wakati ule polisi maana yake mpelelezi anayesikiliza mlangoni.

Peel na makamishna wake wawili, Charles Rowan aliyekuwa mwanajeshi na kupigana Waterloo, na Richard Mayne aliyekuwa mwanasheria, walijibu kwa nguo. Majeshi ya Uingereza yalivaa koti jekundu. Polisi wakashonewa la buluu. Badala ya kofia ya kijeshi wakapewa kofia ndefu kama ya karani anayekwenda kanisani. Kirungu chenyewe kilifichwa ndani ya mfuko wa mkia wa koti kisionekane. Tarehe 29 Septemba 1829 wakatoka kwa zamu ya kwanza. Stoo, mbali na macho ya watu, Wizara iliruhusu zinunuliwe bastola 50 ndogo za siku ya dharura. Kwa hiyo hata mwanzoni polisi "asiye na silaha" alikuwa na silaha, ila imefungiwa kabatini. Ninapowasikia watu wakisimulia habari ya polisi wa Uingereza kama malaika waliozaliwa mikono mitupu, huwa nazikumbuka zile 50.

Watani hawakudanganyika na koti. Walikuwa wakiwaita wanajeshi "kambakoche" kwa ajili ya wekundu wao. Sasa wakaja hawa wa buluu, wakapewa jina la "kambakoche mbichi". Msomaji wa pwani hahitaji maelezo: kambakoche akitoka baharini ana rangi ya kigiza chenye ubuluu, ukimtumbukiza kwenye maji yanayochemka anawiva mwekundu. Maana ya mzaha ni kwamba huyu mnayemwita polisi ni mwanajeshi ambaye maji yake hayajachemka. Sijakutana na hoja ya kisiasa iliyobebwa na maneno machache kama hayo. Kwenye picha za kuchapwa zilizouzwa madukani, polisi wa mwanzo walichorwa kama genge la Peel, wanaume wanene wenye rungu wanaomkandamiza raia.

Chuki hiyo haikuishia kwenye karatasi. Mei 1833, kwenye mkutano wa Coldbath Fields, konstebo Robert Culley alichomwa kisu akafa. Baraza la wazee wa mahakama lililochunguza kifo chake, wakazi wa kawaida wa mtaa wenye maduka yao, likatoa uamuzi kwamba mauaji yale yalikuwa ya haki, kwa kuwa polisi ndio walioanza kuwashambulia watu. Uamuzi ulitenguliwa baadaye, lakini wale wazee walishangiliwa mitaani na kuandaliwa sherehe, na medali ikatengenezwa kwa heshima yao. Liweke hilo akilini, kwa sababu katika picha ya 1881 konstebo aliye hatarini anaombewa huruma ya taifa zima. Kati ya hukumu ile na huruma hii kuna miaka 48, na sehemu kubwa ya safari hiyo alivushwa kwa kuchekwa.

Punch lilianza 1841. Miaka miwili baadaye lilitupa sisi sote neno. Bunge jipya la Westminster lilikuwa linajengwa, na michoro ya awali ya picha za ukutani ikawekwa kwenye maonyesho. Michoro ya namna hiyo iliitwa kwa jina la karatasi nene lililotoka Kiitaliano. Punch likaona watu wenye njaa wanaalikwa kutazama michoro, basi Julai 1843 John Leech akachora maskini waliochakaa wakizikodolea macho picha za matajiri, na jarida likaiita picha hiyo kwa jina lile lile la michoro ya Bunge, kama kejeli. Kejeli ikaganda ikawa jina la fani. Sisi tulipolipokea tukalifanya "katuni". Baadhi yetu tukaongeza "kibonzo", neno ambalo mimi nalipenda zaidi kwa sababu linasikika kama mtu aliyebonyea.

Leech na wenzake hawakumchora konstebo kama jambazi tena. Walimfanya mlafi. Ulikuwa utani wa miaka mingi: polisi wa zamu anateremka ngazi za jikoni kwa mpishi wa nyumba ya watu, anakaa, anakula nyama baridi ya kondoo ya mwenye nyumba, huku mwenye nyumba akishangaa juu kwa nini mnofu wa jana umepungua. Mwandishi Thackeray naye alitunga humo mashairi ya polisi aliyejulikana kwa herufi X. Utani huu naupa uzito kuliko wanavyoupa wengi. Mtu unayemcheka kwa sababu anamtongoza mpishi wako umekwishamwingiza ndani ya nyumba. Si jasusi tena, wala si kambakoche wa kuchemshwa. Ni kijana mwenye njaa. Na zingatia ni jiko la nani. Punch liliuzwa peni tatu, na aliyeweza kutoa peni tatu kila wiki kwa ajili ya kucheka alikuwa ndiye mwenye mpishi, ngazi za jikoni na mnofu wa kuibiwa.

Nyumba hizo ndizo zilizokuja kuleta habari ya bastola. Reli ziliwawezesha wenye nacho kuhamia nje ya jiji, kwenye majumba yenye bustani, barabara zisizo na taa na vijiko vya fedha kabatini. Huko ndiko divisheni za pembeni za polisi, na lindo la huko lilikuwa la mtu mmoja, maili baada ya maili, usiku kucha. Wakati huo huo bastola zilikuwa zimekuwa rahisi. Ndogo za mfukoni, nyingi kutoka Ubelgiji, ziliuzwa madukani kwa yeyote mwenye pesa. Sheria ya 1870 ilidai leseni ya shilingi kumi kwa anayebeba bunduki nje ya nyumba yake, lakini hiyo ilikuwa kodi tu, haikuuliza wewe ni nani na unakwenda nayo wapi. Sheria ya kubana uuzaji wa bastola ilikuja 1903, ikiwa dhaifu, na ya maana ikangoja mpaka 1920. Ninapoitazama tena picha yangu ya mitumba naona mwizi, naona polisi, naona bastola. Muuza bastola hayumo. Mzee wangu aliona pengo la askari wa pili, mimi nikaona pengo la duka.

Matukio yenyewe yalikuwa ya kweli na ya kutisha. Charles Peace, fundi wa fremu za picha aliyekuwa akipiga fidla mchana na kuvunja nyumba usiku, alimuua konstebo Nicholas Cock karibu na Manchester mwaka 1876, na kijana asiye na hatia akahukumiwa kwa kosa hilo. Oktoba 1878, Blackheath, Peace alimfyatulia risasi konstebo Edward Robinson, ambaye alimng'ang'ania hivyo hivyo, amejeruhiwa mkono, mpaka wenzake wakafika. Peace alinyongwa Februari 1879. Magazeti ya peni moja yalimpamba. Illustrated Police News, ambalo pamoja na jina lake halikuwa na uhusiano wowote na polisi, lilijaza ukurasa wa mbele kwa damu, panga na moshi wa risasi kila wiki, na mwaka 1886 wasomaji wa gazeti lingine walilipigia kura kuwa gazeti baya kuliko yote Uingereza. Nadhani mauzo hayakushuka hata kidogo.

Halafu usiku wa tarehe 22 Septemba 1881, Kingston Hill, pembeni mwa London, konstebo Frederick Atkins alikuwa kwenye lindo lake, anakagua jumba moja kama alivyotakiwa, akapigwa risasi tatu. Akafa siku iliyofuata. Aliyempiga hakupatikana mpaka leo. Wiki mbili baadaye ndipo picha yangu ikatoka.

Hapa niseme kidogo namna picha kama hiyo ilivyopikwa, kwa sababu "kupika" ndilo neno lake. Kila Jumatano jioni wakuu wa Punch walikula pamoja kwenye meza moja, mtaa wa Bouverie, meza ambayo kila mmoja alichonga herufi za jina lake juu yake. Baada ya kushiba, sigara zikiwaka, walijadiliana picha kubwa ya wiki iwe nini: waziri gani, mnyama gani, maneno gani chini. Kisha John Tenniel, mchoraji mkuu, mtu mpole aliyepoteza uoni wa jicho moja akiwa kijana alipokuwa akicheza vitara na baba yake, alikwenda nyumbani na wazo la meza. Alichora bila mtu wa kumtazama, kwa kumbukumbu, akahamishia mchoro juu ya kipande cha mbao ngumu, kulia kuwa kushoto. Mafundi wa Joseph Swain wakaichonga mbao ile kwa patasi ndogo mwisho wa wiki, mistari yote aliyoiacha Tenniel ikibaki imeinuka. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka 50, picha zaidi ya 2,000. Wengi wenu mmemwona bila kumjua, maana ndiye aliyemchora Alice wa nchi ya maajabu na sungura mwenye saa.

Kwa hiyo picha ya konstebo aliye peke yake barabarani ilizaliwa kwenye meza ya wanaume waliokula wakashiba, wanaokaa kwenye nyumba zile zile zinazolindwa. Sisemi walikuwa wanafiki. Nasema walijua wanachokiogopa.

Serikali haikukimbilia kabati. Waziri wa Mambo ya Ndani, William Harcourt, alijua kwamba ukimpa konstebo bastola, kambakoche anatiwa kwenye sufuria. Kwa upande wa wachache walioikumbuka 1819, na wa vibarua wa mashariki ya London ambao hawakuwa na vijiko vya fedha, bastola ya polisi haikuelekea kwa mwizi wa Kingston. Ilielekea kwenye mkutano wa hadhara. Kisha Desemba 1882, katika ukungu wa Dalston, konstebo George Cole alimkamata kijana aliyekuwa anavunja kanisa la Wabatisti, akapigwa risasi akafa. Muuaji aliacha patasi zake. Kwenye moja ya patasi zile zilionekana herufi zilizokwanguliwa kwa mkono, "rock". Ilichukua karibu miaka miwili kumfikia Thomas Orrock, kwa kufuatilia fundi aliyezinoa na kwa kuchimbua risasi kutoka kwenye mti aliokuwa akijifunzia shabaha mabwawani Tottenham. Alinyongwa Oktoba 1884.

Katikati ya hayo, mwaka 1883, wakubwa walifanya jambo ambalo mjomba hakuniamini nilipomwambia: waliwauliza askari wenyewe. Katika divisheni za pembeni, polisi 4,430 kati ya 6,325 walisema wanataka bastola.

"Waliulizwa?" akasema.

"Waliulizwa, mjomba."

"Konstebo kabisa?"

"Konstebo kabisa."

Akanyamaza muda mrefu kuliko alivyonyamaza juu ya yule mwizi.

Suluhisho la 1884 lilikuwa la Kiingereza kwelikweli. Bastola zikaruhusiwa, lakini kwa zamu za usiku tu, divisheni za pembeni tu, kwa konstebo atakayeomba mwenyewe, na mkubwa wake athibitishe kwamba ana akili za kuibeba. Mwenye kutaka akawa nayo, na raia wa mchana wa katikati ya jiji akaendelea kumwona polisi mwenye mikono mitupu. Utaratibu huo uliendelea mpaka 1936. Wengi wanaosema polisi wa London "hawajawahi" kubeba silaha wanaruka zaidi ya miaka 50 ya bastola za usiku.

Na katuni zikaendelea na kazi yao ya kumvuta konstebo huku na huku. Mwaka 1887, kwenye uwanja wa Trafalgar tarehe 13 Novemba, polisi wa Kamishna Charles Warren waliwatawanya waandamanaji kwa virungu na farasi, wanajeshi wakaletwa nyuma yao, na siku ile ikabaki na jina la Jumapili ya Damu. Miezi kumi baadaye Whitechapel, mashariki ya London, ilikuwa na muuaji wa wanawake asiyekamatika, na Tenniel akamchora konstebo amefungwa kitambaa machoni, anapapasa kama mtoto kwenye mchezo wa kufungwa macho, wahalifu wamemzunguka wanamcheka. Shujaa wa 1881 amekuwa kipofu wa 1888. Wiki iliyofuata akachora pepo mwenye kisu akielea kwenye vichochoro vya umaskini, na hiyo, kwa maoni yangu, ni picha ya kweli kuliko zote alizochora kuhusu uhalifu, kwa kuwa ndani yake hamna polisi hata mmoja wa kulaumiwa wala kuhurumiwa. Mna uchafu na giza tu, na waliouacha uchafu huo wako kwenye meza za Jumatano.

Ningeweza kuishia hapo kama nisingekuwa msomaji wa Kiswahili. Lakini mkono ule ule uliomchora konstebo wa kuhurumiwa ulichora pia Ireland, na kwa Ireland Tenniel alichora masokwe. Septemba 1867 Wafenia, wapigania uhuru wa Ireland, walivamia gari la mahabusu Manchester na sajenti Charles Brett akauawa. Desemba mwaka huo huo walilipua ukuta wa gereza la Clerkenwell, London. Woga ulikuwa na msingi. Ila Muirish wa Tenniel alichorwa na taya la mnyama, amekalia pipa la baruti. Na polisi wa Ireland, ambao mwaka huo wa 1867 walipewa cheo cha kuitwa wa Kifalme, walikuwa na bunduki na kambi tangu mwanzo. Mjadala ule mrefu wa kwamba polisi mwenye silaha ni mwanajeshi aliyejificha ulivuka Mto Thames kila siku. Bahari ya Ireland haukuivuka.

Wala haukufika kwetu. Mwaka 1892 Punch lilichora Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikimnadi tembo mweupe anayeitwa Uganda, kwa kuwa imeshindwa kumlisha. Aprili 1894 Tenniel akamchora John Bull, yule bwana mnene anayesimama badala ya Uingereza, anafungua mlango asubuhi na kukuta mtoto mchanga mweusi ameachwa kizingitini, naye ni Uganda. John Bull analalama kwamba itabidi amchukue na huyu. Ni picha ya kuudhi, na inaudhi zaidi kwa sababu imechorwa kwa upendo. Nani aliyemwacha mtoto mlangoni, haisemi. Mtoto atalindwa na polisi wa namna gani, halikuwa swali hata la sigara ya pili. Polisi wa makoloni waliundwa kwa mfano wa Ireland, wenye kambi, gwaride na bunduki, na mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa waliotumwa huko walipitishwa kwanza Dublin, kwenye chuo cha Phoenix Park, wafundishwe. Huku Tanganyika Wajerumani nao walikuwa na askari polisi wao, na Waingereza waliposhika nchi walikuta neno moja linalotosha kwa wote. Pengine ndiyo sababu kambakoche mbichi hawezi kutafsirika kwetu. Tuliletewa aliyekwisha kuchemshwa.

Nilimwonyesha mjomba hiyo ya mtoto pia. Aliiangalia kidogo akafunga juzuu, akaniambia nilirudishe kwenye mfuko wa plastiki, mende wasije wakahamia kwake.

Kabla sijaaga nikamsimulia kisa kimoja, kwa kuwa nilijua kitamfaa. Baada ya katuni zote, kura za askari, na mabishano ya mawaziri, bastola zile zilizotolewa 1884 zilikaa viunoni karibu miaka mitatu bila kufyatuliwa na yeyote kwenye zamu. Wa kwanza alikuwa konstebo Henry Owen, tarehe 18 Februari 1887. Hakukuwa na mwizi. Alikuta nyumba inaungua usiku, wenyewe wamelala ndani, alijaribu kuwaamsha akashindwa, ndipo akatoa bastola akapiga.

Mjomba akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Kisha akaacha kucheka, uso wa sajenti ukarudi.

"Filimbi yake ilikuwa wapi?"

Nikamwambia filimbi walikuwa wamekwishapewa, miaka miwili hivi kabla.

"Basi moshi ulikwishamwingia kifuani," akasema, akasimama kufunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.